Sultana ilipotengenezwa Brooklyn: jibu kuhusu ukuta wa Flushing Avenue

Swali la msomaji:

Mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi Brooklyn, New York. Kila siku basi hunipitisha kando ya ukuta mrefu wa Flushing Avenue. Wenyewe hupaita Navy Yard, lakini sijaona askari wala manowari hata moja. Marehemu babu yangu alikuwa akituambia kwamba merikebu ya Seyyid Said iliwahi kutengenezwa huko, tena bure. Je, ni kweli? Na mbona mtaa wenyewe umekaa vipande vipande: nyumba chache za zamani zimejificha pembeni, mara maghorofa ya serikali, mara barabara kuu inapita juu kwa juu?

Jibu:

Babu yako alisema kweli, dada yangu, na nimefurahi sana kwamba kisa hicho bado kinasimuliwa majumbani. Merikebu yenyewe iliitwa Sultana. Iliundwa Bombay mwaka 1833, ikabeba mizinga 14, na tarehe 30 Aprili 1840 ikaingia bandari ya New York ikitokea Unguja. Hakuna chombo cha dola ya Kiarabu kilichowahi kufika bandari ile kabla yake. Ilikuwa imesheheni tende, mazulia ya Uajemi, buni ya Mocha, pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi zilizotiwa chumvi. Ndani yake alikuwamo Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Seyyid Said, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mashali ya Kashmir, marashi ya waridi na upanga. Katiba ya Marekani haimruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge, kwa hiyo zawadi zile zikawa mali ya serikali. Sura ya Ahmad bin Naaman, na kilemba chake na jambia, tunaijua kwa sababu halmashauri ya jiji ilimwajiri mchoraji Edward Mooney amchore, na mchoro huo upo mpaka leo.

Merikebu, hata hivyo, ilifika imechoka. Ilikuwa imezunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuikata Atlantiki nzima, na haikuwa katika hali ya kurudi. Ndipo Jeshi la Majini la Marekani likajitolea kuitengeneza kwa gharama yake. Sultana ikavushwa ng'ambo ya mto, ikaingizwa katika ghuba ya Wallabout, kwenye karakana ambayo wewe unaipita kila siku. Mkuu wa karakana wakati huo alikuwa Komodoro James Renshaw. Tarehe 9 Agosti 1840 ikang'oa nanga ikiwa imara, na Desemba ikawa Unguja.

Kwa nini wafanye hisani kubwa kiasi hicho? Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani aliyekuja Maskati na manowari iitwayo Peacock. Miaka miwili baadaye Peacock ikarudi na mkataba uliokwisha kuidhinishwa, ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah, na watu wa Seyyid Said wakawasaidia Wamarekani mpaka wakaokoka. Sasa sikiliza hili: Peacock yenyewe ilikuwa imeundwa upya mwaka 1828 katika karakana hiyohiyo ya Brooklyn. Kwa hiyo chombo kilichobeba mkataba kuja kwetu kilitoka ghuba ya Wallabout, na chombo kilichobeba shukrani kutoka kwetu kikatengenezwa ghuba ya Wallabout. Huku kwetu alama ya mkataba ule ilibaki katika kitambaa tulichokiita merikani. Kule Brooklyn ilikuwa kazi ya miezi michache, na mafundi wakaendelea na vyombo vingine.

Hao mafundi ndio ninaotaka ukae nao kidogo, kwa sababu swali lako la pili, la mtaa uliokaa vipande vipande, jibu lake liko kwao.

Tarehe 31 Machi 1840, mwezi mmoja kamili kabla Sultana haijatia nanga, Rais Van Buren alitoa amri kwamba vibarua na mafundi katika kazi za serikali kuu wasifanye kazi zaidi ya saa kumi kwa siku. Kabla ya hapo kazi ilikwenda kwa jua, tangu macheo hadi machweo, na siku za kiangazi kule ni ndefu mno. Waliokalafati mbao za Sultana na kushona matanga yake walikuwa miongoni mwa wa kwanza katika nchi yao kuionja nafuu hiyo. Amri haikutoka kwa tajiri wa Brooklyn wala kwa meya. Ilitoka Washington, kwa kalamu ya mtu mmoja. Hilo likumbuke, maana mtaa huu umeishi maisha yake yote kwa kalamu ya Washington, kwa kheri na kwa shari.

Ulianza hivyo pia. Mwishoni mwa karne ya 18 ufuo wa Wallabout ulikuwa mali ya John Jackson na ndugu zake, ambao walikuwa na kiwanda kidogo cha kuunda meli pale. Jackson alijenga vijumba vya wafanyakazi kwenye kilima cha jirani, na ili awavutie mafundi kutoka Ireland akakiita kilima hicho Vinegar Hill, jina la pigano la mwaka 1798 ambalo Waayalandi walishindwa na Waingereza na hawajalisahau mpaka kesho. Februari 1801, katika siku za mwisho za Rais John Adams, serikali ikaununua ufuo ule kwa dola 40,000. Zile nyumba chache za zamani unazoziona zimejificha kati ya ukuta na mitambo ya umeme, zenye barabara za mawe, ndiyo mabaki ya Vinegar Hill. Nyingi si za enzi za Jackson mwenyewe, ni za miaka iliyofuata katika karne ya 19, lakini mpango wa barabara na jina ni vyake.

Ghuba yenyewe ilikuwa na maiti kabla ya kuwa na karakana. Katika vita vya uhuru wa Marekani Waingereza waliegesha pale merikebu kuukuu zilizogeuzwa jela, na mbaya kuliko zote iliitwa Jersey. Inakadiriwa wafungwa wapatao 11,500 walikufa humo kwa njaa, ndui na uchafu kati ya 1776 na 1783. Walizikwa mchangani ufuoni, juujuu tu, na kwa miaka mingi mawimbi yalikuwa yakifukua mifupa. Mwaka 1808 mifupa iliyokusanywa iliwekwa katika kaburi la pamoja kando ya karakana, kwenye kiwanja alichokitoa Jackson. Siku hizi imo chini ya ule mnara mrefu wa Fort Greene Park, uliozinduliwa 1908. Ukipanda pale siku ya mapumziko utakuwa juu yao, nawe unaitazama ghuba walikofia.

Sasa niseme jambo la kiufundi, kwa sababu wageni wengi hukosea hapa. Ndani ya Yadi (wenyeji huiita hivyo tu) liko gudi la mawe, yaani shimo la kutengenezea meli, Gudi Namba 1, na ni zuri sana kulitazama: kuta zake ni matofali makubwa ya itale yaliyoshuka ngazi kwa ngazi kama uwanja wa michezo wa kale. Watu hudhani Sultana iliwekwa humo. Haikuwekwa. Gudi hilo lilianza kujengwa 1841, mwaka mmoja baada ya merikebu yetu kuondoka, likamalizika 1851. Lilichukua miaka kumi kwa sababu chini ya ghuba palikuwa na mchanga laini na chemchemi zilizofoka kila walipochimba. Mafundi walijenga, maji yakabomoa, wakajenga tena. Mhandisi William McAlpine ndiye aliyelikwamua, akatumia nyundo ya mvuke kupigilia maelfu ya magogo ardhini kabla ya kuweka jiwe la kwanza la sakafu. Gharama ilipita dola milioni mbili za wakati ule. Nalo bado linafanya kazi: meli huingia, lango hufungwa, maji huvutwa, mafundi hushuka chini ya mkuku. (Neno letu gudi, kwa taarifa yako, ni jamaa wa godi, jina ambalo watu wa Bombay huliita eneo la gati zao mpaka leo. Sultana iliundwa kwao.)

Kabla sijaondoka kwenye mwaka huo 1840 lazima nikutajie mtu mwingine. Wakati Ahmad bin Naaman anatembezwa New York kwa heshima, hadi kupandishwa garimoshi la Long Island, ile Peacock tuliyoitaja ilikuwa visiwa vya Fiji katika msafara wa uchunguzi wa Marekani. Mwezi Mei mwaka huo nahodha wake, William Hudson, aliwashika mateka watu wa nyumba ya kifalme mpaka chifu mmoja, Vendovi, akajisalimisha. Alituhumiwa kuua mabaharia wa Kimarekani miaka kadhaa nyuma. Walimchukua baharini miaka miwili. Alifika New York Juni 1842 akiwa mahututi, akapelekwa hospitali ya Jeshi la Majini iliyokuwa upande wa mashariki wa Yadi, akafa mara tu baada ya kufika. Mwili ulizikwa katika makaburi ya hospitali, na fuvu likachukuliwa kuwa kitu cha maonyesho. Mimi siwezi kuisimulia hisani waliyotendewa watu wa Sultana bila kumtaja Vendovi. Jeshi ni lilelile, ghuba ni ileile, na kati ya wageni hawa wawili kuna miaka miwili tu. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa na dola nyuma yake iliyokuwa na kitu cha kuuza.

Turudi mtaani. Baada ya njaa kuu ya Ireland ya miaka ya 1840, Vinegar Hill na vichochoro vya karibu vilijaa Waayalandi kiasi kwamba watu walipaita Irishtown. Wanaume walifanya kazi Yadini au gatini, na kazi ya Yadini ilikuwa ya kisiasa: chama kikishinda uchaguzi, wafuasi wake wanapata nyundo, na wa upande wa pili wanarudi nyumbani. Aibu hii ilidumu miongo kwa miongo, na wachunguzi wa Bunge waliiandika. Ni Waziri wa Jeshi la Majini Benjamin Tracy, naye mtu wa Brooklyn, aliyeanza mwaka 1891 kudai fundi aajiriwe kwa ufundi wake. Fikiria mseremala aliyekalafati meli miaka ishirini anaachishwa kazi kwa sababu ya kura ya mtu mwingine. Familia kama hizo zilihitaji riziki ya pembeni, na Irishtown ilijulikana kwa kutengeneza wiski isiyolipiwa kodi, katika mapipa yaliyofichwa chini ya mabanda. Kuanzia Desemba 1869 serikali kuu ilituma wanajeshi kwa mamia, wakiwemo wanamaji kutoka ndani ya Yadi, kuvamia vichochoro alfajiri na kupasua mapipa. Wanawake na watoto waliwapokea kwa mawe kutoka madirishani. Uvamizi ulirudiwa mara kwa mara hadi 1871. Kwa hiyo ukuta ule uliwapa watu mshahara asubuhi na ukawatolea askari usiku.

Orodha ya manowari zilizoundwa pale sitaimaliza, na kwa kweli majina ni mengi kuliko maana yake. Ohio, ya matanga, ilishuliwa 1820. Ile Monitor ya chuma, iliyobadilisha vita vya baharini mwaka 1862, iliundwa Greenpoint jirani na ikakabidhiwa kwa jeshi hapa Yadini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe wafanyakazi walifika kama 6,000. Maine iliundwa hapa, ikalipuka Havana Februari 1898, na mlipuko huo ukatumika kuanzisha vita na Hispania. Arizona ilishuliwa hapa Juni 1915, na watu 1,177 waliokuwamo wakafa nayo Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941.

Hapo ndipo mtaa wako wa leo unapoanza kuumbwa, dada yangu. Vita vya pili vya dunia ndivyo vilivyoukata vipande unavyoviona.

Yadi iliyokuwa na wafanyakazi maelfu machache ikawa na takribani 70,000, zamu tatu, mchana na usiku, taa hazizimwi isipokuwa kwa tahadhari ya ndege za adui. Palihitajika nafasi. Upande wa mashariki lilikuwapo soko kubwa la Wallabout, ambako wakulima wa Long Island walileta mboga, kuku na mayai tangu karne iliyotangulia, lenye majengo ya mtindo wa Kiholanzi na mnara wa saa. Mwaka 1941 jeshi likalitwaa lote, likavunjwa, pakachimbwa magudi mapya. Wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala, kwa hiyo upande wa kusini wa Flushing Avenue vikavunjwa vitongoji na kujengwa maghorofa ya Fort Greene Houses, vyumba vipatavyo 3,500, yaliyomalizika 1944. Hayo ndiyo maghorofa ya serikali uliyoniuliza, siku hizi yanaitwa Ingersoll na Whitman. Hayakujengwa kuwa makazi ya masikini. Yalijengwa kwa mafundi wa manowari, karibu na lango, ili mtu akipiga hatua chache awe kazini. Vita vilipokwisha, sheria za mapato ziliwatoa wale waliokuwa na mishahara mizuri, na kazi za jirani zikapungua, na waliobaki wakaachiwa majengo bila kile kilichoyafanya yajengwe.

Mwaka 1942, kwa mara ya kwanza, Yadi iliajiri wanawake kama mafundi: kuchomelea vyuma, kukata mabati, kuendesha kreni. Amri ya Rais Roosevelt ya Juni 1941 ilikuwa imekwisha kupiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya vita, na Wamarekani weusi wengi wakapata hapo kazi ya ufundi ambayo kabla yake walikuwa wakinyimwa. Sisemi ubaguzi uliisha. Lakini kwa familia nyingi za Brooklyn, mtu wa kwanza kushika cheti cha ufundi na mshahara wa kueleweka alikishika nyuma ya ukuta huo. Wanawake wengi waliambiwa warudi nyumbani mara tu amani iliporejea. Kazi waliyoifanya ilibaki baharini: Januari 1944 waliishua Missouri, manowari ya tani 45,000, na juu ya staha yake Japani ikatia saini kusalimu amri tarehe 2 Septemba 1945, katika ghuba ya Tokyo.

Nje ya lango la magharibi ulikuwapo mtaa wa Sands Street, mtaa wa mabaharia: baa, wachora tatuu, maduka ya sare, nyumba za kulala, picha za dakika tano za kumpelekea mama. Wachungaji waliulaani na wenye maduka waliuombea dua. Mtu yeyote aliyekulia karibu na bandari, awe wa Malindi kule Unguja au wa Kilindini, anaujua mtaa wa aina hiyo bila kusimuliwa. Kwa heri yake hakukuwa na sherehe. Vichochoro vya upande ule vilivunjwa kupisha maghorofa ya Farragut Houses, yaliyofunguliwa 1952 na kupewa jina la amiri, na barabara kuu ya juu kwa juu ikapitishwa katika miaka hiyohiyo. Kwa hiyo ule mpasuko unaouona, nyumba za zamani hapa, maghorofa pale, magari juu yenu, haukuja kwa ajali. Ulipangwa vipande, kila kipande na mpangaji wake, na wakazi hawakuitwa kwenye meza hata mara moja.

Kuna siku moja ya Yadi ambayo haipaswi kupita bila kusemwa. Tarehe 19 Desemba 1960 manowari ya kubebea ndege Constellation ilikuwa karibu kumalizika, na ndani yake walikuwamo maelfu ya mafundi. Foklifti ilisukuma mzigo wake ukagonga bamba la chuma, na bamba likasukumwa likagonga tangi la mafuta. Mafuta yakamwagika, yakapenya matundu ya staha yakashuka chini, yakakutana na moto wa wachomeleaji. Ndani kulikuwa na majukwaa ya mbao kila upande, na mbao zile zikawaka kama kuni kavu. Watu 50 walikufa, wengi wao kwa moshi, katika vyumba vya chuma ambavyo walivijua vizuri lakini gizani hawakuweza kutoka. Zaidi ya 300 waliumia. Siku tatu tu nyuma yake ndege mbili ziligongana angani na moja ikaanguka Park Slope, hukohuko Brooklyn. Desemba ile wazee wa mtaa hawakuisahau.

Mwisho ulikuja kwa kalamu, kama mwanzo. Novemba 1964 Waziri wa Ulinzi Robert McNamara alitangaza kufunga vituo vingi vya jeshi kwa mpigo, na Yadi ilikuwamo. Sababu zilizotolewa zilikuwa za hesabu: gharama kubwa, karakana binafsi zinafanya kwa bei nafuu. Palikuwa na sababu nyingine ambayo kila fundi aliiona kwa macho. Daraja la Brooklyn, lililofunguliwa 1883, liko kati ya Yadi na bahari, na nafasi chini yake ilipangwa kuwa futi 135. Manowari za karne ya 20 zilirefuka mpaka milingoti yao ikabidi iwe ya kukunjwa ili zipite. Ghuba iliyochaguliwa 1801 kwa sababu ilikuwa imejificha vizuri ikageuka kuwa chumba chenye mlango mfupi. Chombo cha mwisho kushuliwa kilikuwa Duluth, Agosti 1965. Tarehe 25 Juni 1966 bendera ikateremshwa.

Wenye maduka ya chakula cha mchana, washona sare, wapangishaji wa vyumba, wote waliisoma habari hiyo gazetini kama wewe ungeisoma. Jiji liliinunua Yadi, na mwaka 1973 kampuni ya Seatrain ikamaliza humo meli ya mafuta ya tani 225,000 iliyoitwa Brooklyn. Kwa muda watu waliamini kazi imerudi. Kufikia 1979 Seatrain ilikuwa imesimamisha uundaji, na miaka ya 1980 ilikuwa migumu kabisa, magudi yakiota majani. Mimi huona kosa kubwa halikuwa kufunga karakana. Kosa lilikuwa kuwafundisha watu ufundi mmoja kwa vizazi sita bila kuwaachia kitu kingine cha kushika.

Leo Yadi, ekari kama 300, ni mali ya Jiji na inasimamiwa na shirika lililoundwa 1981. Badala ya mwajiri mmoja imekodishwa kwa mamia ya wafanyabiashara: maseremala wa samani, watengeneza taa, studio kubwa za filamu, shamba la mboga juu ya paa, na hata kiwanda cha wiski kinacholipa kodi, ndani ya jengo la zamani la mlipa mishahara, mwendo mfupi kutoka Irishtown. Waliomo kazini wamepita 10,000. Kwa hiyo ndiyo sababu huoni askari. Magudi machache bado yanatengeneza meli, matishari na meli za kukokota, na ukipita asubuhi mapema kwa kivuko utaziona zimekaa juu ya vigingi.

Ukitaka kuingia, anza na Jengo la 92, hapohapo Flushing Avenue. Lilikuwa nyumba ya mkuu wa wanamaji, la mwaka 1857, na tangu 2011 ni kituo cha maonyesho ya historia ya Yadi. Kisha nenda upande wa mashariki kwenye yale makaburi ya hospitali, ambayo tangu 2016 yamekuwa uwanda wa majani na maua ya mwituni wenye njia ya mbao. Mabaki mengi yalihamishwa zamani, lakini si yote, ndiyo maana njia imeinuliwa isikanyage ardhi. Mtajie Vendovi jina lake ukipita.

Na kama unachokitaka ni kitu kilichoiona Sultana kwa hakika, usiende gudini. Nenda Vinegar Hill, shuka mpaka Evans Street inapokutana na Little Street. Utakuta lango la chuma limefungwa, na nyuma yake, juu ya mwinuko, nyumba nyeupe ya mbao yenye madirisha mengi. Ni nyumba ya mkuu wa karakana, iliyojengwa kufikia 1806, na mwaka 1840 Komodoro Renshaw ndiye aliyekuwa na cheo hicho. Siku hizi ni makazi ya watu binafsi, huwezi kubisha hodi. Lakini ukisimama langoni ukatazama upande ule nyumba inakotazama, kuelekea majini, huko ndiko merikebu ya Unguja ilikokuwa, miezi ile ya joto, mafundi wakiwa juu ya milingoti yake.